Mwanamke wa Kitanda cha Sita

Clémence alianza na kitanda cha kwanza, kama kila asubuhi. Alikung'uta kipimajoto, akakitia kwapani mwa mgonjwa, akasubiri akitazama saa yake iliyopasuka kioo, akasoma, akaandika. Kulikuwa na kipimajoto kimoja kwa vitanda vinane. Kila alipohama kitanda alikipangusa kwa pamba yenye spiriti, na spiriti yenyewe ilikuwa imeongezwa maji.

"Feza Amuri," alisema alipofika kitanda cha sita.

Mwanamke aliyelala akitazama ukuta hakuitika. Mgongo wake ulipanda na kushuka chini ya kitenge.

"Feza."

"Niko," mwanamke akajibu mwishowe, kama mtu aliyekuwa akiitiwa mwenzake na kushtuka kwamba ni yeye anayeitwa.

Thelathini na sita nukta nane. Jana ilikuwa hivyo hivyo, na juzi pia. Hana homa, hana damu, hana maumivu. Clémence aliandika na kutia sahihi.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa kumi, mwaka 1983, katika hospitali moja mjini Kisangani. Daktari Kasongo alikuwa amerudi kutoka Ulaya na sanduku la mabomba ya plastiki. Tangu hapo wanawake walioharibikiwa na mimba walisafishwa kizazi kwa bomba la mkono, bila kisu wala mshono, kwa muda usiozidi robo saa. Swali lililombakia daktari lilikuwa moja: baada ya hapo mwanamke alazwe, au arudi kwake siku ileile? Alitengeneza kadi arobaini. Kadi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea hivyo zilirudi nyumbani saa nane mchana. Kadi ya pili, ya nne, ya sita zililazwa siku tano. Karani aligawa kadi kwa kufuata foleni ya benchi. Mwanamke hakuulizwa anataka nini. Daktari alisema kuuliza kungeharibu hesabu.

Kazi ya Clémence ilikuwa kuwapima waliolazwa, na siku ya tano kuwatembelea waliorudi kwao. Ripoti kwa wafadhili waliotoa mabomba ilikuwa iondoke kesho asubuhi kwa ndege ndogo kutoka kiwanja cha Simi-Simi. Ilibaki kadi moja ya kutembelewa, ya thelathini na tisa: Lofemba, mkaaji wa Lubunga, ng'ambo ya mto.

Alipotoka wodini na mkoba wake, alimkuta kijana amesimama chini ya ngazi. Alivaa kofia nyeupe ya kufuma, na shati lake lilinuka kafuri.

"Mama, samahani. Humu ndani muko na mugonjwa banaita Feza Amuri?"

"Iko. Kitanda ya sita. Anaendelea muzuri, hana homa."

Kijana alisogea karibu. "Anapumua?"

"Eh! Juu ya nini asipumue? Asubuhi hii alikunywa uji."

"Mulimuona na macho yenu?"

"Mimi mwenyewe nilimushika mukono. Wewe ni nani yake?"

Kijana alirudi nyuma hatua tatu, nne, bila kuugeuzia mlango wa wodi mgongo. Kisha akageuka na kwenda mbio. Harufu ya kafuri ilibaki pale kwenye ngazi, na Clémence alipiga hatua pembeni kuikwepa, hakujua kwa nini.

Kivukoni, kijana wa chama tawala mwenye fulana ya kijani alimzuia, akamwita raia kwa Kifaransa. "Citoyenne, kadi ya chama."

Alimpa. Yule kijana alitazama picha, akamtazama yeye, akarudi kwenye picha. Jua na jasho la miaka mingi vilikuwa vimeufuta uso mpaka pakabaki nywele na kola tu.

"Hii si wewe."

"Iko mimi. Nilikuwa bado kijana."

"Mi naona hapa hakuna mutu."

Mitumbwi miwili ilijaa na kuondoka kabla hajamrudishia kadi yake. Mto ulikuwa na ukungu bado, na mitumbwi ilipofika katikati haikuonekana tena. Yalisikika makasia tu.

Nyumba ya Lofemba ilikuwa juu ya genge, ya udongo, imeezekwa makuti. Mwanamke mzee alikuwa akitwanga uani. Alisimamisha mchi aliposikia jina.

"Lofemba? Aa, Françoise!" Siku hizo majina ya ubatizo hayakuruhusiwa kwenye karatasi za serikali, na watu wengi walikuwa na jina la ofisini na jina la nyumbani. "Ni bibi ya mutoto wangu. Mwanamume iko kwa mashua, anapandisha bidhaa. Lakini Françoise hayuko huku, mama. Iko kwenu."

"Kwetu wapi? Alitoka Alhamisi saa nane ya muchana. Imeandikwa."

Mama mkwe alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa. "Alitoka akaenda wapi? Jana tu nilimupelekea lituma ya ndizi na samaki. Nilimupitishia kwa dirisha. Tulisema naye. Kitanda ya sita."

"Kitanda ya sita ni ya Feza."

"Feza mi simujue. Mi nilimuona Françoise."

Clémence alishika karatasi yake ya maswali asijue aanzie wapi. Je, mgonjwa amepata homa? Je, amerudia kazi zake za kawaida? Je, nyumbani ana mtu wa kumsaidia? Karibu na mlango kulikuwa na beseni mbili za mihogo iliyolowekwa. Ilikuwa imeanza kuchacha, na povu jeupe lilikuwa limetanda juu.

"Hii inamungojea yeye," mama mkwe alisema. "Na maji ya kupandisha. Mimi kiuno imekataa. Mutamuachilia lini?"

Njia ya kurudi Clémence hakuiona. Alijikuta tu wodini, amesimama mbele ya kitanda cha sita, jasho likimtiririka.

"Françoise," alisema kwa sauti ndogo.

Mwanamke aligeuka mara moja. Clémence hakuwa amewahi kumwona uso mzima. Ulikuwa uso wa msichana tu, wa miaka kama ishirini, wenye alama ya mkeka shavuni.

"Mama, musinifukuze," akasema. "Nabaki na leo tu."

"Niambie."

Aliketi, akakusanya kitenge mapajani. Yeye na Feza walikuwa wamekaa pamoja kwenye benchi Alhamisi ile. Karani alipogawa kadi, yeye alipata ya kurudi, mwenzake ya kulala.

"Alilia, mama. Anasema ameacha mutoto wa miezi kumi, mutoto hajue kunywa na kikopo. Na mimi nikifika kwa nyumba ni kupanda na maji siku ileile. Mama mukwe hana mubaya, lakini kazi iko pale, haina mutu mwingine. Hapa, hata kama kitanda haina shuka, hakuna mutu ananituma. Ndiyo tukabadilisha kadi. Yeye akaitika Lofemba, mimi nikaitika Feza. Si tulifanyiwa kitu moya, sisi wote wawili?"

"Na kila asubuhi ukaniitika."

"Nikaitika. Na Jumapili pia."

"Jumapili nani alikuita?"

"Muandishi wa mapokezi. Alikuja pale kwa mulango, akauliza: Feza Amuri iko humu? Nikasema, niko. Akaangalia kitabu yake, akaenda."

Clémence hakufanya kazi Jumapili ile. Aliinama, akafungua daftari la wodi, akatafuta anwani ya kadi ya arobaini: Feza Amuri, Tshopo, avenyu ya kumi na moja. Françoise alikuwa akimtazama.

"Nilifanya mubaya, mama?"

"Lala kwanza," Clémence alisema.

Alipokunja kuingia avenyu ya kumi na moja, harufu ya kafuri, ile ya kuoshea maiti, ilimfikia kabla hajaona kitu. Kisha akaona mikeka, wanawake waliofunika vichwa, wanaume wamesimama kivulini bila kuzungumza. Yule kijana wa asubuhi alikuwa mlangoni. Alipomwona alinyoosha kidole.

"Ni huyu! Ni huyu alisema Feza alikunywa uji."

Wanawake wa mkeka wa karibu walivuta miguu yao, na wa nyuma yao wakavuta yao, mpaka pakawa na njia tupu kutoka kwa Clémence hadi mlangoni. Hakuna aliyemtukana. Alitamani wangemtukana.

Mama mmoja mnene, amebeba mtoto mgongoni, alitoka ndani. "Hemedi, nyamaza," alimwambia kijana. Alimshika Clémence mkono. "Kuja, mama. Kuja umuone na macho."

Alikuwa amelazwa kwenye mkeka, amekwisha kuoshwa na kuvikwa sanda, uso wazi. Clémence alipiga magoti. Huyu mwanamke hakuwa amemwona hata siku moja. Siku nne alikuwa ameandika joto la mwili wake, na sahihi chini. Mkono wake, kwa mazoea tu, ulikwenda ukagusa paji la uso. Aliuondoa kwa haraka.

"Jana alfajiri," mama Hemedi alisema. Aliongea bila kulia, kama aliyekwisha kulieleza jambo hili mbele ya madirisha mengi. "Alhamisi alikuya na miguu, anacheka. Ijumaa akafua, akatwanga. Nani angefanya? Mimi niko sokoni. Jumamosi homa. Banamuambia kama homa inakuya, rudi. Jumapili tukarudi, ananiegemea njia yote. Muandishi anauliza jina. Mutoto yangu homa ilimupanda kichwani, hakukumbuka mambo ya kadi. Akataja jina yake, ile nilimupa mimi. Muandishi akaingia ndani, akatoka. Akasema: Feza Amuri iko kwa kitanda, nimemusikia akiitika. Nyinyi munatafuta dawa na jina ya wenzenu."

"Hamukusema naye?"

"Tulisema. Feza alimuambia muandishi, papa, iko mimi. Alisema mara mbili. Kisha alianza kuniuliza mimi: mama, iko mimi?"

Mtoto wa Feza, pale mgongoni, alilia kidogo, akanyamazishwa kwa kutikiswa.

Kuhusu kuzika, Hemedi ndiye aliyeeleza. Jana alikwenda ofisi ya komini kutafuta ruhusa ya makaburi. Karani wa komini alitaka cheti cha kifo. Walipomwambia alifia nyumbani baada ya kutoka hospitali, alituma mtu hospitali kuuliza, na jibu likarudi: Feza Amuri, kitanda cha sita, hana homa.

"Banasema serikali haiziki mutu iko hai. Leo asubuhi nikakuya mimi mwenyewe. Na wewe ukaniambia anapumua." Hemedi alifuta uso kwa kofia yake. "Nilipofika hapa nilimuangalia dada yangu kifua, mama. Nilikaa saa nzima namuangalia kifua."

Daktari Kasongo alikuwa ofisini, na mashine ya kupiga chapa mbele yake. "Citoyenne, kadi ya thelathini na tisa?" aliuliza bila kuinua kichwa.

Clémence alimwambia yote. Alipomaliza, daktari alivua miwani na kukaa akijibana macho kwa vidole. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka uliopita alikuwa amemtolea mgonjwa damu yake mwenyewe.

"Jedwali nilizifunga jana, ilibaki kuhakikisha kadi hiyo moja tu," alisema. "Walirudi nyumbani ishirini, kifo hakuna. Walilazwa ishirini, kifo hakuna. Donc, tofauti hakuna, mwanamke anaweza kurudi kwake. Wafadhili banatupa mabomba ya miaka tatu. Unajua ni wanawake ngapi?"

"Feza amekufa, docteur."

"Feza ni kadi ya arobaini. Kadi ya arobaini ililazwa, na aliyelazwa iko muzima."

"Basi muandike kadi ya thelathini na tisa amekufa."

"Kadi ya thelathini na tisa ni Lofemba. Lofemba amekufa?" Alitazama jedwali lake. "Na huyu wa Tshopo alikufa na nini? Bomba? Nyumba? Alirudi hapa na miguu yake, akakatazwa kwa mulango. Hiyo, niiweke kwa safu gani? Safu yake haiko."

"Familia banataka cheti tu. Tangu jana alfajiri iko kwa mukeka. Ni Waislamu."

"Nikisaini cheti leo, komini itanitumia barua, barua itaingia ndani ya dossier ya ripoti. Bangojee Alhamisi, ndege ikiisha kuenda." Alirudisha miwani. "Alhamisi nitasaini. Nakuahidia."

Nje ya dirisha wauguzi wawili walipita wakicheka. Clémence alisema, "Bon," akatoka.

Vyeti vya kifo vilikuwa kabatini mwa wodi, na muhuri ulikuwa kwenye droo yake, kwa sababu yeye ndiye muuguzi mkuu wa zamu. Kutia sahihi ilikuwa kazi ya daktari peke yake. Alijaza jina, umri, makazi, siku ya kifo. Kwenye sababu ya kifo kalamu ilisimama. Kisha aliandika, kwa herufi za kusomeka: homa baada ya kusafishwa kizazi, alirudi hospitali Jumapili, akakataliwa. Chini aliandika jina lake la ubatizo, lile ambalo kwa miaka kumi na zaidi hakuruhusiwa kuliandika popote, Clémence, lote pamoja na alama yake juu. Akagonga muhuri.

Akavuta daftari la wodi, akapiga mstari juu ya kila joto la kitanda cha sita, na pembeni akaandika: amefariki. Jambo hilo lilikuwa kweli, na daftari halikuwa na mahali pengine pa kuliandika.

Walikwenda komini pamoja na Hemedi. Karani alitafuta muhuri kwanza, akauona, akalinganisha na muhuri uliokuwa kwenye karatasi nyingine ukutani. Hakusoma kilichoandikwa juu yake.

"Muliona?" alisema. "Ni karatasi tu ilikuwa inapungua."

Kabla ya laasiri kwisha walimbeba Feza. Clémence alisimama kando ya barabara mpaka jeneza lilipopinda kona, kisha akarudi hospitali, maana Françoise alikuwa bado ndani.

Alikuta godoro la kitanda cha sita limetolewa nje juani. Mfagiaji alikuwa akilimwagia dawa. "Nimesoma daftari, mama," alisema. "Basi nikalitoa, kama tunavyofanya."

Ndani, Françoise alikuwa amesimama ameuegemea ukuta, bakuli la mama mkwe wake mkononi. Wagonjwa wa kitanda cha tano na cha saba walikuwa wamemgeuzia visogo.

"Banasema wa kitanda yangu amekufa," alisema. "Mimi niko hapa nasikia. Nauliza nani, hakuna mutu anajibu."

Clémence alimwambia. Alimwambia polepole, na Jumapili pia alimwambia, kwa sababu hakuona namna ya kuiruka. Françoise alisikiliza. Aliliweka bakuli chini kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba lilikuwa limejaa.

"Niliitika," alisema.

"Hukujua."

"Aliuliza mara moya tu. Nikaitika."

Walitoka wodini pamoja. Kwenye mapokezi, mwandishi alifungua kitabu, akapitisha kidole. Lofemba alikwisha kutoka Alhamisi, hawezi kutoka mara ya pili. Kitanda cha sita kimefariki. "Huyu nimuandikie karatasi ya nani?" aliuliza, na hakuuliza kwa ubaya. Aliinua macho, akamwona Françoise, akamtazama sana mdomoni, mdomo uliomwitikia Jumapili. Kisha akafunga kitabu na kuingia chumba cha ndani, na hakutoka tena.

Lango lilikuwa la chuma, na mlinzi wake alikuwa askari mstaafu aliyeitwa Benoît. Alisimama na ubao wake wa karatasi.

"Bon de sortie. Karatasi ya kutoka."

"Hana," Clémence alisema.

"Ni nani?"

Wote wawili walimtazama Françoise. Midomo yake ilifunguka. Clémence alisubiri asikie jina gani litatoka, Lofemba, Françoise au Feza, na hakuna lililotoka. Kwa mbali, upande wa mto, boti iliyokuwa ikivuka ilipiga honi.

"Mi siko na mutu anatoka leo," Benoît alisema, akigeuza karatasi. "Niko na maiti moya ya kitanda ya sita, na maiti haipitie hapa."

Clémence aliushika mkono wa Françoise. Ulikuwa wa moto kidogo, mkono wa mtu aliyekaa ndani siku tano. "Muandike ile munaona, tonton," alisema.

Mzee aliwatazama wote wawili, kwanza huyu, kisha yule. Alilowesha ncha ya penseli ulimini. Alipoandika alisoma kwa sauti, saa na cheo cha muuguzi kwa Kifaransa, kama alivyozoea jeshini.

"Dix-sept heures trente. Infirmière anatoka. Mutu moya."

Akavuta lango, akaacha nafasi ya kutosha mtu mmoja. Walipita ubavu ubavu, wameshikana, wakaelekea mtoni.